Mtumiaji Amekuja Kufanya Nini? Hotuba kwa Watengenezaji wa Programu

Ndugu mwenyekiti, wenzangu mnaoandika programu, nanyi mliokuja kwa sababu mnazitumia kila siku na zinawachosha: asanteni kwa kufika.

Nina dai moja, na nitalitetea kwa muda wote niliopewa. Menyu ya programu ifuate kazi aliyokuja kuifanya mtumiaji. Menyu nyingi tunazotengeneza leo zinafuata namna sisi tulivyoijenga programu, na gharama yake inamwangukia mtu ambaye hakuwapo tulipokuwa tunaamua.

Tuchukue ripoti. Mtu ameiandika yote. Ukurasa wa kwanza ni jalada, wa pili ni yaliyomo, na sasa anataka namba za kurasa zionekane kuanzia ukurasa wa tatu, na ukurasa huo uhesabiwe kuwa wa 1. Hilo ni ombi la kawaida kabisa. Kila tasnifu na kila ripoti ndefu inalihitaji. Katika Microsoft Word, ombi hilo moja limekatwa vipande vinne na kila kipande kimewekwa mahali pake. Kwanza aende kwenye mpangilio wa ukurasa aweke mkato wa sehemu mpya. Kisha aingie kwenye kijachini, yaani eneo la chini ya ukurasa, cha sehemu hiyo na kukitenganisha na kijachini cha sehemu iliyotangulia. Kisha aende Chomeka aweke namba. Mwisho afungue kidirisha cha umbizo la namba na kuagiza hesabu ianzie 1. Akiruka hatua ya pili, namba zinatokea hadi kwenye jalada, na hakuna kitu chochote kwenye skrini kinachomweleza kwa nini.

Sikilizeni hatua hizo tena. Hakuna hata moja inayotaja alichokitaka. "Sehemu" ni dhana ya programu. Mwandishi wa ripoti hajawahi kuwaza kwamba hati yake ina sehemu za aina hiyo. Anayeijua njia hii, ama alionyeshwa na mtu, ama aliitafuta kwenye intaneti akafuata maelekezo neno kwa neno. Mara ya pili akiihitaji ameshaisahau, kwa kuwa haikushikamana na jambo lolote alilokuwa analifikiria. Uwezo upo, umetengenezwa kwa ustadi, na unafanya kazi bila dosari. Kilichokosekana ni mlango ulioandikwa kwa lugha ya mwenye shida.

Linganisheni na kilichofanywa na LibreOffice, kifurushi huria cha programu za ofisi. Kwa miaka mingi, katika Writer, programu yake ya kuandika hati, aliyetaka namba za kurasa alipaswa kwanza kuwasha kichwa cha ukurasa au kijachini, kisha kuweka kishale humo ndani, kisha kwenda kwenye Chomeka kutafuta uga wa namba, yaani nafasi inayojijaza namba yenyewe. Toleo la 7.6, lililotoka Agosti 2023, liliweka kipengele kimoja kwenye menyu ya Chomeka: namba ya ukurasa. Ukikibofya, kidirisha kinakuuliza namba ikae juu au chini ya ukurasa na ielekee upande gani, na kijachini kinajiwasha chenyewe. Mambo hayo yote mtu aliyaweza kabla yake, ila kwa safari ndefu. Walichoongeza ni njia inayoanzia pale anaposimama yeye. Kwangu mimi, kipengele hicho kidogo kina thamani kuliko maboresho mengi makubwa yanayotangazwa kwa vishindo.

Sasa, kwa nini menyu zetu zinakuwa hivi? Si kwa sababu tunawadharau watumiaji. Mwaka 1968 mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, Melvin Conway, alichapisha makala akieleza kwamba taasisi inayobuni mfumo itatoa mfumo wenye umbo la mawasiliano yake yenyewe. Fungueni menyu ya programu yoyote kubwa mtaliona hilo. Timu ya majedwali ina menyu ya Jedwali. Timu ya michoro ina menyu ya michoro. Na kile kilichotengenezwa na mtu mmoja pembeni, kisicho na timu, kinatupwa kwenye Zana. Menyu ya Zana ya Word 2003 ilibeba ukaguzi wa tahajia, hesabu ya maneno, makro (amri zilizorekodiwa ili zirudiwe), kuunganisha barua na orodha ya majina, usahihishaji wa papo hapo, na mipangilio ya programu nzima. Mtafute mtu mmoja duniani anayeketi kwenye kompyuta akisema, "Leo nataka kufanya zana." Hayupo. Menyu hiyo inaeleza historia ya ofisi iliyotengeneza programu, na mtumiaji hana haja na historia hiyo.

Kuna waliolifanya jambo hili vizuri mapema sana. Katikati ya miaka ya 1970, katika kituo cha utafiti cha Xerox huko Palo Alto, California, Larry Tesler na Tim Mott walipewa jukumu la kutengeneza programu ya kuhariri maandishi kwa ajili ya Ginn, kampuni ya kuchapisha vitabu vya shule iliyokuwa chini ya Xerox. Kabla ya kuamua programu itakuwaje, Mott alikwenda kukaa na wahariri wenyewe na kuwatazama wakifanya kazi. Waliwaketisha watu mbele ya skrini isiyo na chochote, wakawaomba wajifanye kama programu ipo tayari, na waeleze wangetaka kufanya nini: hapa neno limezidi, hapa aya ihamie juu, mngefanyaje? Wahariri wale walikuwa wakikata karatasi kwa mkasi na kuzibandika upya kwa gundi. Programu iliyozaliwa, Gypsy, iliwapa kile kile walichokuwa wakikifanya: kata, bandika.

Mwaka 1980 Tesler alihamia Apple, na kompyuta ya Lisa ilipotoka Januari 1983 ilikuwa na mstari wa menyu juu ya skrini, menyu zinazoshuka ukizivuta kwa kipanya, kazi ambayo Bill Atkinson aliihangaikia kwa muda mrefu. Mwaka uliofuata Macintosh ikayapeleka hayo kwa watu wengi zaidi, na mwaka 1987 IBM ikatoa kanuni zake za pamoja za namna programu zionekane, zilizosaidia kuimarisha Faili, Hariri na Msaada hata kwenye kompyuta zisizo za Apple.

Angalieni kilichodumu. Kata, Nakili na Bandika vimebaki karibu nusu karne bila mtu kuvihoji, kwa sababu vilitoka kwenye mikono ya watu waliokuwa na kazi ya kufanya. Faili nayo imedumu, lakini kwa sababu nyingine kabisa. Chapisha iko ndani ya Faili. Kwa nini? Kwa sababu kwa upande wa mashine, kinachochapishwa ni faili. Mtu anayetaka nakala ya karatasi hafikirii faili hata kidogo, anafikiria karatasi. Tunaikuta Chapisha pale kwa sababu tulishazoea tangu zamani. Tafuta nayo iko ndani ya Hariri, ingawa anayetafuta neno hajahariri lolote. Windows 95 iliweka kuzima kompyuta chini ya kitufe cha Anza. Na kwenye Macintosh za zamani, njia mojawapo ya kuitoa disketi ilikuwa kuiburuta hadi kwenye pipa la taka, mahali pale pale pa kufutia mafaili. Mtu asiyejua angeogopa, na alikuwa na haki ya kuogopa.

Simaanishi kwamba tuiondoe Chapisha kwenye Faili. Nitalirudia hili baadaye, kwa sababu hapo ndipo wabunifu wenye shauku hukosea. Kwanza nizungumzie kilichotokea kwa Word, maana ndiyo historia iliyoandikwa vizuri kuliko nyingine, na ina mafunzo mawili yanayovutana.

Word ya kwanza ilikuwa na amri kama 100. Kufikia Word 2003 zilikuwa zimezidi 1,500. Menyu zilizotosha kwa mia moja zilijazwa hadi zikapasuka: menyu ndogo ndani ya menyu ndogo, mipau ya zana juu ya mipau ya zana. Office 2000, kifurushi chenye Word ndani yake, ilijaribu kujiokoa kwa menyu zinazojipunguza zenyewe. Amri ambazo hukuzitumia hivi karibuni zilifichwa, na ulilazimika kusubiri au kubofya kishale ndipo zote zitokee. Lengo lilikuwa jema. Matokeo yalikuwa kwamba menyu ya leo haikufanana na ya jana, na aliyekuwa akitafuta kitu kipya, ambaye ndiye hasa anayeihitaji menyu, alifichwa kitu kile alichokuwa akikitafuta. Kumbukumbu ya mahali ni msaada mkubwa kwa mtumiaji. Tusimnyang'anye.

Microsoft walipoanza kubuni Office 2007, walikuwa na takwimu za matumizi kutoka kwa watumiaji waliokubali kuzituma. Jensen Harris, mmoja wa waliokuwa wakiongoza usanifu huo, alieleza hadharani kwamba katika Word 2003 amri tano, yaani Bandika, Hifadhi, Nakili, Tendua na Herufi Nzito, zilichukua takriban asilimia 32 ya matumizi yote ya amri. Wengi waliosikia hivyo walikimbilia kusema: basi weka hizo tano mbele, shughuli imekwisha. Mimi naona ni kinyume chake. Amri hizo tano hazimpotezi mtu. Zina vifupisho vya kibodi ambavyo watu wanavibonyeza bila kuangalia. Mahangaiko yako kwenye asilimia 68 zinazobaki, zilizotawanyika kwenye mamia ya amri, ambapo kila mtu anatafuta kitu anachokihitaji mara chache.

Tena hesabu ya mibofyo ina upofu wake. Inahesabu waliofika. Haimhesabu aliyefungua menyu tatu, akazifunga, akaamua kuandika namba za kurasa kwa mkono, moja moja. Amri inayotumiwa mara chache inaweza kuwa haihitajiki, au inaweza kuwa imezikwa, na jedwali la takwimu haliwezi kukwambia ni ipi kati ya hizo mbili. Kwa hiyo nikimwona mtu anataka kufuta kipengele kwa hoja kwamba "hakuna anayekitumia", namwomba kwanza atafute watu wanaokihitaji na awaangalie wakikitafuta.

Kwenye utepe wa Office 2007, ule mpau wa vitufe wenye vichupo uliochukua nafasi ya menyu, kuna sehemu zinazolithibitisha dai langu na sehemu zinazolipinga. Chomeka ilibaki ile ile: ghala la kila kitu kinachoweza kuingizwa, kuanzia picha hadi alama za hesabu. Lakini tazameni vichupo vya Marejeo, Barua na Mapitio. Aliye kwenye Marejeo anaandika tasnifu na anahitaji tanbihi, orodha ya vitabu na yaliyomo kwa pamoja. Aliye kwenye Barua ana orodha ya majina na anataka kila mtu apate barua yake. Vitufe vimepangwa kwa mfuatano wa kazi, kuanzia kuchagua wapokeaji hadi kumaliza. Aliye kwenye Mapitio amepokea hati ya mwenzake. Hayo ni makundi ya nyakati za kazi. Zamani amri hizo hizo zilikuwa zimesambaa kati ya Chomeka na Zana.

Neno hilo, wakati wa kazi, ningependa mlishike, kwa sababu ndilo linalonisaidia zaidi ninapopanga. Swali la "vitu hivi vinafanana?" linakurudisha kwenye muundo wa programu: majedwali na majedwali, picha na picha. Swali la "vitu hivi vinahitajika katika kikao kimoja?" linakupeleka kwa mtu. Ukaguzi wa tahajia, maoni ya msomaji, na kulinganisha matoleo mawili ya hati havifanani hata kidogo kiufundi, na vinahitajika saa moja na mtu yule yule.

Tuangalie programu ya picha, maana huko tatizo linaonekana kwa macho. Mtu ana picha iliyopigwa kiwima lakini inaonekana imelala. Anataka kuisimamisha. Katika GIMP, kuzungusha kunapatikana kwenye menyu ya Picha, kunapatikana kwenye menyu ya Tabaka (matabaka ni kama karatasi angavu zinazopangwa moja juu ya nyingine kuunda picha), na kunapatikana tena kwenye Zana. Kila mahali kuna sababu ya haki: unaweza kuzungusha picha nzima, tabaka moja, au kuzungusha kwa mkono kwa pembe unayoitaka. Mtaalamu anahitaji zote tatu. Lakini mgeni wa programu hajui tabaka ni nini, na akiingia kwenye menyu isiyo yake, anazungusha tabaka ndani ya turubai isiyozunguka, anaona kingo za picha zimekatwa, anadhani ameharibu. Swali aliloulizwa na menyu lilikuwa "unazungusha kitu gani cha ndani?" wakati yeye alikuwa na jibu la swali jingine.

Programu hiyo hiyo inanipa mfano wa upande wa pili, na lazima niutaje kwa haki. Tangu toleo la 2.8, la mwaka 2012, Hifadhi katika GIMP inahifadhi kwa umbizo lake lenyewe tu, lenye matabaka yote. Ukitaka picha ya JPEG unakwenda kwenye Hamisha. Watu wengi walikasirika. Ukitafakari, mgawanyo huo unafuata nia ya mtu kwa usahihi: kuna wakati ninataka kuiweka kazi ili niiendeleze kesho, na kuna wakati ninataka kumpa mtu mwingine matokeo. Hizo ni kazi mbili, na kuzichanganya kumewapotezea watu matabaka yao mara nyingi. Kilicholeta hasira ni kwamba programu nyingine zote zilikuwa zimewafundisha watu jambo tofauti kuhusu neno Hifadhi. Nia ilisomwa vizuri, mazoea yakapuuzwa. Mimi nakubaliana na uamuzi wao, na bado naelewa hasira ile.

Tunazijuaje nia hizo? Kwa kuwasikiliza watu wakisema sentensi nzima zinazoanza na "nataka". Nataka kumtumia bosi hati asiyoweza kuibadilisha. Nataka kurudisha ilivyokuwa asubuhi. Nataka maandishi haya yafanane na yale ya juu. Ziandikeni kama zilivyotamkwa, bila kuzitafsiri kwa lugha ya programu. Ukiandika "kusafirisha kwa PDF yenye ruhusa zilizozuiwa" umeshampoteza yule mtu na hutampata tena. Sentensi zikiwa nyingi, ziandikwe kwenye kadi, kila moja kadi yake, na watumiaji kadhaa, kila mmoja peke yake, wazipange kwa mafungu na kuyapa mafungu majina. Kisha fanyeni kinyume chake: wapeni muundo wa menyu ulioandikwa kwenye karatasi, pasipo programu yenyewe, muwaulize wangeanzia wapi kutimiza kila kazi. Mahali wanapoanzia kwa mara ya kwanza ndipo pa kutazama. Wakisitasita, menyu ndiyo yenye kasoro.

Msitegemee kwamba watakubaliana. Mwaka 1987 George Furnas na wenzake, Landauer, Gomez na Dumais, walichapisha utafiti kuhusu majina ambayo watu huyapa vitu na vitendo, na wakaonyesha kwamba uwezekano wa watu wawili kuchagua neno lile lile kwa kitu kile kile uko chini ya 0.20. Yaani jina linalokujia wewe kwanza, hata likiwa zuri, haliwezi kuwa ndilo linalowajia wengi. Maana yake kwetu ni kwamba fungu la menyu libebwe na majirani zake. Mtu asipolitambua jina moja, akisoma vipengele vitatu vilivyo karibu aelewe yuko mtaa gani wa kazi. Na kitu kimoja kinaruhusiwa kupatikana mahali pawili, ikiwa kazi mbili tofauti zinakihitaji. Wahandisi huliona hilo kama uchafu. Sioni uchafu wowote hapo.

Kuhusu urefu wa menyu nitapita haraka. Kuna imani kwamba menyu isizidi vipengele saba, inayotokana na makala ya mwanasaikolojia George Miller ya mwaka 1956. Makala ile inahusu vitu ambavyo mtu anaweza kuvishikilia akilini. Menyu iko mbele ya macho, hakuna anayeikariri. Mwaka 1998 Kevin Larson na Mary Czerwinski walijaribu kupanga vitu 512 kwa njia mbalimbali, na mpangilio wa ngazi tatu zenye vipengele nane nane ulikuwa wa taratibu kuliko mipangilio ya ngazi mbili zenye orodha ndefu zaidi. Orodha ndefu yenye mistari ya kugawa mafungu ni bora kuliko menyu ndogo zinazofunguka ubavuni moja baada ya nyingine. Na amri isiyowezekana kwa sasa ififishwe, isiondolewe: mtu ajue ipo. Amri inayofuta isikae bega kwa bega na inayohifadhi. Mengine mnayajua.

Nigeuke kidogo kwenye menyu nyingine, ile inayoorodhesha programu zenyewe kwenye kompyuta. Katika Windows 95 kila programu iliyosakinishwa ilijiwekea folda, mara nyingi kwa jina la kampuni iliyoitengeneza, na ndani yake programu, faili la maelezo, na njia ya kuiondoa. Ni sawa na sanduku la seremala lililopangwa kwa majina ya viwanda vilivyofua misumeno. Ulimwengu wa Linux, mfumo endeshi huria, ulikwenda hatua mbele: kwa kanuni za freedesktop.org, mradi wa viwango vya pamoja, kila programu inajitangaza iko kundi gani, na menyu inaipanga humo. Hii ilikuwa hatua kubwa, nami naiheshimu. Lakini yatazameni makundi. Ofisi ni mahali. Intaneti ni teknolojia. Humo ndani barua pepe imekaa pamoja na programu ya kupakua mafaili, kazi zisizohusiana. Sauti na Video ni aina ya kitu. Anayetaka kusikiliza wimbo na anayetaka kuhariri mahojiano aliyorekodi wanaelekezwa mlango mmoja. Kisha kuna Mfumo na Mipangilio, na anayetaka kubadilisha nenosiri lake anabahatisha.

Hapo GNOME, watengenezaji wa mojawapo ya maeneo-kazi ya Linux, walifanya jambo dogo lililosaidia kuliko makundi yote. Kidhibiti chao cha mafaili kilichoitwa Nautilus walikionyesha kwa mtumiaji kwa jina la Mafaili, na Evince wakaionyesha kama kisomaji cha hati. Jina la mradi libaki kwa wanaoutunza. Mbele ya mtumiaji paandikwe kazi.

Najua wapo wanaoniambia: haya yote yamepitwa, watu sasa wanatafuta kwa kuandika. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2007 menyu ya Msaada kwenye kompyuta za Mac inaweza kukutafutia amri na kukuonyesha kwa mshale ilipo. Ubuntu, mojawapo ya mifumo ya Linux, iliweka utafutaji wa amri za menyu mwaka 2012, na Office 2016 ikaweka kisanduku cha kuandika unachotaka kufanya. Ninavipenda vyote. Ule mshale wa Mac hasa, kwa sababu unamfundisha mtu mahali, ili kesho aende mwenyewe. Lakini utafutaji unamdai mtu alete neno, na tumeshaona maneno ya watu wawili yanakutana mara chache. Aliyefungua programu kwa mara ya kwanza hajui kinachowezekana. Menyu iliyopangwa vizuri ndiyo inayomwonyesha mipaka ya programu yote kwa dakika chache, na hakuna kisanduku cha kuandikia kinachoweza kumfanyia hivyo. Tena, maneno yale ya "nataka" mliyoyakusanya yaingizeni kwenye utafutaji kama visawe. Kazi moja, faida mara mbili.

Sasa nirudi kwenye Chapisha. Mtu aliyeshawishika na hoja hizi anaweza kurudi ofisini na kuvunja kila kitu: aondoe Faili, aondoe Hariri, abuni menyu mpya zinazoitwa kwa vitenzi vizuri. Nawasihi msifanye hivyo. Mamilioni ya watu wakitaka kuchapisha mikono yao inakwenda Faili kabla hawajafikiri. Kwao, Faili ndipo nia ilipo, hata kama mantiki yake imekufa. Mazoea ya aina hiyo ni sehemu ya kile mtumiaji anachokuja nacho, na mpangaji wa menyu anayaheshimu kama anavyoiheshimu kazi yenyewe. Acheni kingo mbili za mstari wa menyu kama zilivyo, Faili na Hariri upande mmoja, Msaada upande wa pili. Nguvu zenu zote zipelekeni katikati, kwenye Zana, Umbizo, Chomeka na yale mengine yenye majina ya vitu, maana huko ndiko watu wanakopotea na huko hakuna mazoea ya kuvunja.

Wala msiende kupita kiasi upande wa pili. Kipengele kinachosema "Andika barua ya kuomba kazi" ni kazi, ndiyo, lakini ni kazi moja kati ya elfu, na mkianza hivyo menyu itakuwa katalogi isiyo na mwisho. Kiwango kinachofaa ni kile ambacho kazi nyingi zinapitia: kuweka namba za kurasa, kupitia hati ya mwenzako, kuitoa hati kwa umbo lisilobadilika. Kukipata kiwango hicho kunahitaji kujaribu na watu, kisha kurekebisha, kisha kujaribu tena.

Na mtakapohamisha kitu, hamisheni mara moja, katika toleo moja, kwa mpango uliokamilika, badala ya kusogeza kidogo kidogo kila toleo. Njia za zamani za kibodi ziacheni zifanye kazi. Office 2007 ilibadilisha karibu uso wote wa Word na Excel, lakini aliyekuwa amezoea kubonyeza Alt na mfuatano wa herufi za menyu za 2003 aliendelea kubonyeza, na amri ikatekelezwa, ingawa menyu yenyewe haikuwapo tena kwenye skrini. Wapo wahasibu walioweza kuendelea na kazi siku ile ile kwa sababu ya uamuzi huo. Orodha ya njia hizo za kibodi katika programu yenu iandikeni kabla hamjagusa menyu yoyote, na atakayepanga menyu mpya aipokee pamoja na zile kadi.

Nashukuru kwa kunisikiliza. Nimeambiwa tuna muda wa maswali, karibuni.